Kompyuta Isiyo na Mdomo wa CD: Tununue Nini Kwanza?

Jumamosi ni siku ya soko Taveta, na siku ya soko duka la fundi huwa na watu wengi kuliko viti. Ni chumba kimoja cha mabati karibu na steji ya magari ya Voi. Mbele wanachapa barua na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni; nyuma, kwenye meza iliyojaa bisibisi, fundi anafungua simu na kompyuta. Dada yangu alikuwa ameshauza mikungu yake ya ndizi tangu asubuhi. Aliingia na bintiye, naye binti alikuwa na mizigo miwili: begi la mgongoni lenye kompyuta, na kikapu cha ukili chenye CD saba na DVD nne za marehemu mama yetu, zimefungwa ndani ya leso.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad X270 iliyotumika, ile wanayoiita eks-UK, tuliyoinunua Mombasa. Ni nyembamba, skrini yake ni ya inchi 12.5, na uzito wake haufiki kilo moja na nusu. Ukiizungusha pande zote utaona tundu la waya wa intaneti, la HDMI, la kadi ya kamera, mawili ya USB ya kawaida na moja dogo la USB-C. Mahali pa kutia CD hapapo. Mwezi ujao binti anaripoti Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi, na mama yake amemtengea shilingi 12,000 za vikorokoro vya kompyuta hiyo. Akasema kabla hata hajakaa kwamba hakuna zaidi.

Mabishano yaliyofuata nayaandika karibu kama yalivyokwenda. Nilikuwa na upande wangu tangu mwanzo, kwa sababu sauti iliyo ndani ya zile CD ni ya mama yangu.

BINTI: Mjomba, mara ya mwisho mimi kutia CD mahali nilikuwa darasa la tatu. Chuoni vitini vinatumwa kwa simu. Mimi nataka maus isiyo na waya, spika ndogo ya bluetuthi, begi lisiloingia maji na habu ya kuongezea matundu ya USB. Hicho kidude cha CD nikinunua kitakaa sandukuni miaka minne.

MAMA: Na hizi za nyanyako nizipeleke wapi? DVD pleya ya nyumbani iliungua siku ile stima iliporudi kwa kishindo. Televisheni mpya haina hata zile tundu tatu za rangi. Nimeuza ndizi mwaka mzima upate kompyuta, nikasema sasa tutamsikia tena. Kumbe kompyuta haina mdomo!

Hapo fundi akacheka, lakini dada hakucheka, na mimi nilimwelewa. Uamuzi wa kuiondolea kompyuta mdomo haukufanywa karibu na sisi. Tarehe 15 Januari 2008, kule San Francisco, Steve Jobs alitoa MacBook Air kwenye bahasha ya kaki ya ofisini mbele ya watu, na kompyuta ile haikuwa na pa kutia diski. Aliyeitaka CD aliuziwa kisomeo cha nje kwa dola 99. Watengenezaji wengine wakafuata, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa kawaida. Sisi huku Taveta uamuzi ule umetufikia taratibu, kwa njia ya mitumba: kompyuta hutumika ofisini Ulaya miaka mitatu, minne, kisha hupakiwa makontena, hushushwa Mombasa, ndipo hupanda gari la Voi. Kwa hiyo jambo ambalo wenzetu walilimaliza zamani kwetu ni la Jumamosi hii, na kikapu kipo mezani.

FUNDI: Dada, usihuzunike. Iko raita ya nje. Ni sahani nyembamba hivi, inachomekwa USB, inasoma CD na DVD na kuandika pia. Elfu mbili na nusu. Lakini nikwambie ukweli wake, maana watu hununua kisha wananirudishia wakisema ni mbovu. Raita haina plagi ya ukutani, inakula stima ya kompyuta. Tundu la USB la zamani hutoa miliampia 500. Haya mapya yenye ulimi wa buluu hutoa 900. Diski inapoanza kuzunguka raita hutaka nguvu nyingi kwa ghafla, na ikikosa inalia tik, tik, tik halafu inanyamaza. Mtu anadhani CD imekufa. Chomeka moja kwa moja kwenye buluu, au tafuta ile yenye waya wa vichwa viwili. Ile habu anayoitaka binti usiipitishie raita kamwe, maana inagawa nguvu kidogo iliyopo.

BINTI: Kuna moja nimeona ya Apple inauzwa rahisi, nzuri ya fedha.

FUNDI: Hiyo wachia wenye kompyuta za Apple. Ukiichomeka kwenye ThinkPad itakaa kama kigae.

Mwalimu alikuwa amekuja kuchapa mitihani. Yeye hufundisha sekondari na huongoza kwaya, na si mtu wa kupita mjadala bila kuvua kofia.

MWALIMU: Mama, samahani nikiingilia. Mimi nimeishi na CD kuliko wote hapa. Nilikuwa nikiandikia wale wa Ubuntu barua, wanatuletea CD za mfumo wao wa kompyuta mpaka sanduku la posta, bila senti. Walikuwa wakizituma duniani kote, wakaacha mwaka 2011. Kwaya yetu iliuza nyimbo kwa CD. Leo nakwambia usinunue raita. CD ni kivuko. Unavuka mara moja, hununui mtumbwi. Mlipe fundi azihamishe zote leo, mtoto aende chuo na flashi moja, basi.

Binti akapiga makofi. Mimi nikataka kusema, lakini dada alikuwa ameshashika kikapu kwa mikono miwili.

MAMA: Mwalimu, nakuheshimu. Lakini humu kuna moja ambayo sitaki isikike dukani. Mama alikaa na vijana wa kanisa mwaka 2006, wakamrekodi. Nyingine ni nyimbo na hadithi. Ile moja anataja mipaka ya shamba, mti kwa mti, na nani alipewa wapi. Wenye kuisikia wawe wenye shamba.

Duka likatulia kidogo. Hata mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Watu wakizungumza juu ya vifaa vya kompyuta huzungumza kasi na bei. Sijasikia mtu akiuliza nani atakuwepo chumbani kifaa kikifanya kazi. Kupeleka diski dukani ni kama kupeleka barua ikasomwe na mwandishi: mara nyingi hakuna neno, lakini kuna barua ambayo lazima uisome mwenyewe, mlango umefungwa.

FUNDI: Basi raita iende nyumbani. Lakini kwanza tuzitazame, tusije tukanunua mtumbwi na mto umeshakauka.

Akatandika leso mezani, akatoa CD ya kwanza, akaishika kwa kingo na kuiinua kuelekea mlangoni, jua la saa sita likiipiga kwa nyuma. Tulisogea. Kwenye ile rangi ya fedha kulikuwa na vitundu vitatu vidogo kama vya sindano, mwanga ukipenya. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa kawaida, kwa kukandamiza: Mama, Sehemu ya 2.

FUNDI: Mnaona? Watu huogopa mkwaruzo wa chini, upande unaong'aa. Chini kuna plastiki nene, ukikwaruzika unaweza kusuguliwa. Kwenye CD data iko juu, chini tu ya hii karatasi au rangi, imefunikwa na vanishi nyembamba kuliko ukucha. Kalamu hii imekata. DVD ni tofauti, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili, ndiyo maana hizi nne hazina neno. Lakini zote mbili, za kuandikiwa nyumbani, zina rangi ya dawa ndani ambayo joto na jua huiua. Zilikaa wapi?

MAMA: Juu ya kabati. Chini ya mabati.

Hakuna aliyesema kitu. Taveta iko bondeni na sote tunajua mabati yanavyokuwa saa nane mchana.

Nitatoka nje ya meza hiyo kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wakichapa gazeti hapa hapa Taveta, wakaliita Taveta Chronicle. Lilianza mwaka 1895. Karatasi zake zipo, na mwenye macho anazisoma bila waya wala stima. Mama yangu alirekodiwa zaidi ya miaka 100 baadaye, kwa Kitaveta, lugha ambayo wasemaji wake ni wachache na watoto wetu wengi wanaisikia bila kuijibu. Na sauti yake ndiyo ilikuwa karibu kupotea kabla ya karatasi za wamisionari. Ndiyo maana nilipopata nafasi nilisema raita inunuliwe kwanza, kabla ya maus, kabla ya begi, na mwalimu akanijibu vizuri.

MWALIMU: Kaka, raita haihifadhi kitu. Inasoma tu. Ukishasoma utaweka wapi? Hapo ndipo pesa ziende. Ukinunua raita bila pa kuweka, umenunua ndoo bila pipa.

BINTI: Mtandaoni! Kwa nini mnabeba vitu? Google wananipa gigabaiti 15 bure.

MWALIMU: DVD moja ni gigabaiti 4.7 ikijaa. Nne ni karibu 19. Umeshazidi kabla hujaweka picha yako hata moja. Na bando la kuzipandisha utanunua wewe? Hapa Taveta simu yenyewe ukizubaa inashika mtandao wa Tanzania kutoka Holili, ng'ambo ya mpaka, hujui umekatwa ngapi.

BINTI: Sauti basi. Sauti si nzito.

MWALIMU: Sauti sawa. CD nzima ni megabaiti 700, na ukiibana vizuri inakuwa ndogo zaidi. Sauti za nyanya zipandishe mtandaoni, nakubaliana nawe. Lakini isiwe nakala ya pekee.

Mzozo wa pa kuweka ulikuwa mrefu kuliko wote, na naona ulistahili. Fundi alileta diski ngumu, yaani hadi diski, iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa, akaitia ndani ya kava ya USB ya bei ndogo, akaonyesha kwa programu ya CrystalDiskInfo kwamba afya yake ni njema. Gigabaiti 500, kwa bei ambayo dada aliipenda papo hapo. Mwalimu alikataa. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko vumbi. Ikidondoka inazunguka, imekwisha. Msichana atapanda Probox mpaka Mwatate, kisha gari jingine la kupanda milima ya Taita, begi likiwa mapajani au juu ya gari. Yeye alitaka SSD ya nje, ambayo haina kinachozunguka. Fundi akasema kweli, lakini SSD itameza karibu nusu ya pesa za mama.

Ndipo nikawaeleza langu. Miaka michache iliyopita nilinunua flashi iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Nikaweka picha za mazishi ya baba, zote, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Kompyuta ilionyesha terabaiti 2, majina ya picha yakaonekana. Nilipofungua, picha za mwanzo zilikuwepo na nyingine zote zilikuwa kijivu. Fundi alinieleza baadaye: ndani kulikuwa na kumbukumbu ndogo tu, na ubongo wa flashi ulikuwa umefundishwa kudanganya. Kilichozidi kilikuwa kinaandikwa juu ya kingine. Tangu hapo sinunui flashi bila kuijaza kwa programu ya H2testw, ambayo huandika mpaka mwisho kisha ikasoma yote iliyoyaandika. Inachukua saa nzima au zaidi, na muuzaji asiyekubali usubiri amekwisha kujibu swali lako.

FUNDI: Na tena, hata ikiwa ya kweli, flashi nyingi zinakuja zimepangwa kwa FAT32. Haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Mtu anageuza DVD nzima kuwa faili moja, inakataa, anasema flashi imejaa ilhali haina kitu. Ipange upya kwa exFAT. Au nakili folda ya VIDEO_TS kama ilivyo, maana mle video imekatwakatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja.

Muuguzi aliyekuwa akingoja nakala za vyeti vyake akauliza kama anaweza kusema neno.

MUUGUZI: Mnasema CD imekufa. Kwetu haijafa. Mgonjwa akipelekwa kupigwa picha ya CT, hapa au ng'ambo, mara nyingi anarudi na CD kwenye bahasha. Juzi mzee mmoja alirudi nayo, na kompyuta iliyokuwa karibu ni nyembamba kama hii. Tukabaki na karatasi ya maelezo tu. Picha zenyewe, ambazo daktari alitaka kuzipitia moja moja, zikakaa kwenye bahasha mpaka kesho yake. Raita moja ikiwa hapa kwa fundi, inaazimwa, ingetosha mtaa mzima.

Maneno yake yaligeuza meza. Mpaka hapo tulikuwa tunaulizana binti anunue nini, kana kwamba kila kikorokoro lazima kiwe na mwenyewe mmoja. Raita ni chombo cha kutumika siku tatu kwa mwaka. Tuna sufuria za namna hiyo, zile kubwa za harusi, na hakuna nyumba inayonunua ya kwake. Mwalimu, aliyekuwa ameipinga, ndiye aliyesema kwaya itatoa nusu ya bei, kwa masharti kwamba ikitoka kwa dada irudi kwake mpaka amalize CD za kwaya, kisha ikae kwa fundi na daftari la kuazima. Dada akakubali kabla hajamaliza sentensi.

Mengine yalikwenda haraka. Dada aliuliza kwa nini tusivuke Holili tukanunue Moshi, huenda ni rahisi. Fundi akamwambia ile nafuu ya ushuru ya wafanyabiashara wadogo, ya mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. Ndizi zake zinafaa, raita ya China haifai. Na ikiharibika utavuka tena kuirudisha? Begi lisiloingia maji lilipita bila kura, kwa ajili ya mvua za Ngerenyi. Spika ya bluetuthi ikaahirishwa. Maus ikapita, ila ya waya, kwa kuwa haihitaji betri wala haipotezi kile kidude chake kidogo cha USB. Binti alinuna kidogo, akakubali. Fundi akamtengenezea pia flashi ya gigabaiti 8 ya kuwashia kompyuta mfumo ukiharibika, kazi ambayo zamani ilifanywa na CD, akaweka Linux humo. Sababu ya Linux ni kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na X270 haimo kwenye orodha ya kompyuta wanazozikubali kwa Windows 11.

Kilichobaki ni stima.

BINTI: Powabenki ninayo tayari. Miliampia-saa 20,000.

FUNDI: Hiyo ni ya simu. Hesabu ya miliampia-saa hupigwa kwa volti 3.7, kwa hiyo yako ina wati-saa 74, si haba. Lakini itazame mdomo wake: inatoa volti 5. Laptopu hii kwa USB-C inataka volti 20. Ukitaka powabenki ya kompyuta, tafuta iliyoandikwa PD na wati 45 au zaidi. Na ni ghali. Mimi nina wazo jingine.

Akaigeuza kompyuta tumbo juu. Hapo ndipo nilipoipenda mashine hii. Ina betri mbili: moja imefichwa ndani, nyingine iko nyuma na inachomoka kwa kusukuma vikufuli viwili kwa vidole gumba. Ya ndani inaishikilia kompyuta wakati unabadilisha ya nje, huzimi kitu. Akaandika amri ya powercfg /batteryreport, ikafunguka ripoti yenye safu mbili: uwezo iliozaliwa nao betri, na uwezo iliobaki nao. Ya ndani ilikuwa bado na robo tatu. Ya nyuma haikufika hata theluthi. Huko Ulaya ilikuwa imeshafanya kazi yake.

FUNDI: Betri moja ya nyuma, ile nene. Inainua kompyuta kidogo kwa nyuma kama kisigino, lakini siku nzima ya masomo haitafuti soketi.

MAMA: Betri na ile SSD, zote mbili, zinaingia kwenye pesa yangu?

Fundi alipiga hesabu kwenye simu, akafuta, akapiga tena. Raita nusu. SSD ndogo, ya gigabaiti 240. Maus. Begi. Betri. Ilizidi kwa mia tisa. Mwalimu akatazama dari. Mimi nikatoa mia tisa, na sitaki nishukuriwe, maana zile diski ni zangu pia. Ile hadi diski ya mtumba nikainunua mwenyewe, ikae nyumbani kwangu kama nakala ya pili, mahali isipotikiswa.

Dada alifungua leso akachagua diski moja. Alilisoma jina lake mara mbili kuhakikisha si ile ya shamba. "Hii ni ya hadithi," akasema. "Hii isikike."

Binti akachomeka raita kwenye tundu la buluu, akaweka CD, akafungua folda. Nyimbo kumi na moja. Akaziburuta zote kwenye SSD, zikaenda mara moja, akatuangalia kwa ushindi. Fundi akamwambia atazame ukubwa wake. Kila moja ilikuwa na baiti 44.

FUNDI: Hizo ni vibao vya njiani tu, mwanangu. Zinasema wimbo unaanzia wapi. CD ya sauti haina faili ndani. Ni mstari mmoja mrefu unaosomwa kama santuri. Wengi wamenakili hivyo hivyo, wakatupa CD.

Uso wa binti ulibadilika. Sidhani ni aibu. Nadhani alihesabu ni mara ngapi angeweza kufanya hivyo peke yake chumbani Ngerenyi, kisha akarudisha kikapu nyumbani akisema nimemaliza. Akauliza inafanywaje, na kuanzia hapo hakusema tena kwamba CD ni mambo ya zamani. Fundi akamwekea programu ya Exact Audio Copy, ambayo ikikuta mahali pabovu inarudia kusoma, tena na tena, mpaka majibu yafanane. Kwenye wimbo wa kwanza raita ilivuma sawasawa. Kwenye wa pili ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma, ikakwaruza, ikarudi tena. Ndipo palipokuwa na kitundu. Tukasimama wote kuizunguka kama watu wanaomsubiri mtu atoke chumba cha daktari.

Stima ikapotea. Mashine ya unga ng'ambo ya barabara ikashuka sauti mpaka ikanyamaza, printa ya fundi ikakata mtihani wa mwalimu katikati, feni ikaanza kuzunguka polepole. Mezani kwetu raita haikusimama. Ilikuwa inakula kwenye kompyuta, na kompyuta inakula kwenye betri mpya, ambayo fundi aliikuta na asilimia 61.

"Wa kwanza umeshamalizika," binti akasema. "Nifungue?"

Hakungoja jibu. Kulikuwa na kelele ya upepo kwenye maikrofoni, kiti kikasogezwa, mtu akakohoa. Kisha mama yangu, kwa Kitaveta, akauliza kama kile chombo chao kimeshawaka, au aendelee kungoja.

Dada yangu akainamia kompyuta. "Kimewaka, mama," akasema. "Sema."